Gorogoro Iliyobonyea

Wapendwa, Bwana asifiwe.

Juma hili nimekaa na Amosi 8:5. Wafanyabiashara wa Israeli wanauliza sabato itaisha lini ili wapate kuuza ngano. Maduka wameyafunga, sheria wameishika, lakini mioyo imebaki kaunta. Na mstari huohuo unataja walichokuwa wakikingojea: kuipunguza efa, kile kipimo cha nafaka, na kutumia mizani ya udanganyifu.

Ninauza mahindi na maharagwe. Jumapili nafunga duka, ila hata ibadani mkono u juu ya simu, nangoja ujumbe wa malipo. Mwezi Agosti nilikwenda kwa mama siku nne kumsaidia kuvuna. Kule ukitaka mtandao unapanda mlima. Siku ya kwanza nilipanda mara tatu, ya pili mara moja. Ya tatu nikakaa.

Jioni hiyo jirani akaja kununua mahindi. Mama alijaza gorogoro, ule mkebe wa kupimia nafaka, akaitikisa, akashindilia kwa kiganja, akaongeza hadi punje zikamwagika mkekani. Kisha akaziokota hizo zilizomwagika, akamtilia jirani mfukoni. Luka 6:38 ilinijia papo hapo: kipimo cha kujaa, kilichoshindiliwa na kusukwasukwa hata kumwagika. Halafu nikaikumbuka gorogoro yangu.

Yangu kitako chake kimebonyea kwa ndani. Sikuibonyeza mimi, niliinunua hivyo, nikaona, nikasema nitaibadilisha. Huu ni mwaka wa tatu. Kila siku kuna gari la kushusha, kuna deni la kufuatilia, na sikuwahi kutulia nijiulize upungufu ule analipa nani. Analipa asiye na pesa ya gunia. Mwenye pesa hununua gunia zima, likapimwa kwa mizani. Wa gorogoro ni yule mwenye ugali wa leo tu, na Amosi anamtaja waziwazi: maskini, mhitaji.

Nilikuwa nimebeba mpango wa kufungua duka la pili, niuombee huko kwa utulivu. Usiku ule sikuuombea. Niliomba msamaha.

Jumatatu, kabla ya kufungua, nilijaza maji gorogoro mpya, nikayamimina katika ile ya zamani. Yalifurika, yakanilowesha viatu.

Namna ya kuwarudishia wote bado namwuliza Mungu. Nimeanza na mama mmoja ambaye kila Ijumaa huja kuchukua gorogoro mbili.