Sahihi yangu ilikuwa chini ya jalada: nilivyojifunza kukagua upimaji wa mafunzo ya ufundi

Simu ilinikuta nikifunga ofisi. Aliyepiga alikuwa msimamizi wa mafundi umeme mahali walipoajiriwa wahitimu wetu watatu, na hakuzunguka: "Mwalimu, samahani kwa kukusumbua jioni. Huyu kijana wenu cheti chake kinasema ni mahiri. Leo amefungua soketi bila kupima kama ina umeme. Nimemshika mkono kabla hajagusa." Nikamwuliza jina, akanitajia. Nikarudi ndani, nikalitoa kabatini jalada lake, lenye fomu za upimaji na ushahidi wa kazi zake. Ukurasa wa mwisho ulikuwa na sahihi mbili: ya mtathmini wake na, chini yake, yangu mimi.

Kazi ya kuthibitisha ubora wa upimaji nilikuwa nimepewa miezi minne kabla. Niliyempokea kijiti alinipa ushauri ambao hadi leo ukinijia nakasirika: "Angalia sahihi, tarehe na muhuri. Vikiwepo vitatu, jalada limepita." Nami nikafanya hivyo kwa bidii zote. Nilikaa siku nne na majalada 60. Nikakuta saba hayana tarehe, nikayarudisha kwa watathmini, wakajaza tarehe siku hiyo hiyo, nikaandika ripoti kwamba upimaji wetu ni wa kuridhisha. Mkuu wa idara alinipongeza mbele ya kikao.

Usiku ule wa simu niliyafungua majalada ya wale watatu upya, safari hii nikisoma yaliyomo. Kila mmoja alikuwa amebandika picha ya kazi yake ya kufunga swichi ya njia mbili. Picha ya kwanza ilikuwa safi, nikaipenda. Nilipofika kwenye ya pili nikaona ukutani, juu kidogo ya swichi, ufa mwembamba unaogawanyika pande mbili kama panda la mti. Nikarudi ya kwanza: ufa ule ule. Ya tatu: ufa ule ule, na kipande kile kile cha waya kinachoning'inia kushoto. Watu watatu, ukuta mmoja, swichi moja, na chini ya kila picha yameandikwa maneno "kazi yangu mwenyewe". Picha hizo nilikuwa nimezipita zote tatu, kwa sababu nilikuwa natafuta mihuri.

Wanaofanya kazi hii wanajua kwamba ushahidi hupimwa kwa mambo manne: unahusu kile hasa kinachopimwa, unatosha, ni wa mwanafunzi mwenyewe, na ni wa karibuni. Nilikuwa nayakariri hayo manne. Kuyatumia ni kitu kingine kabisa, na mtu hawezi kuyatumia asipolisoma jalada.

Kesho yake niliichukua fomu yenyewe ya upimaji wa vitendo. Kigezo cha sita kilisema: "Anazingatia usalama wakati wa kazi. Ndiyo/Hapana." Nikahesabu: majalada 60, Ndiyo 60. Kigezo kikiwa hakijawahi kumfelisha hata mtu mmoja, ama wanafunzi wote ni wazuri mno, ama hakipimi kitu. Nikawafuata watathmini watatu, mmoja mmoja, kila mtu karakanani kwake, nikawauliza swali moja: unapoweka Ndiyo hapo, macho yako yameona nini? Wa kwanza akasema viatu na glavu. Wa pili akasema mwanafunzi amefagia sehemu yake na kurudisha vifaa. Wa tatu akafikiri kidogo, akasema, "Kwamba hakuna aliyeumia." Hakuna hata mmoja aliyetaja kuhakikisha kwamba saketi haina umeme kabla ya kuigusa. Na hawakuwa wavivu hawa. Ni mafundi wazuri waliopewa sentensi inayobeba kila kitu, kila mmoja akachota anachokijua.

Tukakivunja kigezo hicho kikawa vitano. Cha kwanza, kinachohusu testa (kifaa cha kuonyesha kama kuna umeme), tulikiandika hivi: "Anajaribu testa kwenye chanzo kinachojulikana kuwa na umeme, anapima saketi aliyoizima, kisha anairudisha testa kwenye chanzo kile na kuijaribu tena." Hatua hiyo ya mwisho ndiyo inayorukwa sana, na ndiyo inayokuambia kwamba testa haikufia mkononi katikati ya kazi. Kigezo kingine cha zamani, cha insulesheni (ganda linalozuia umeme kuvuja kwenye waya), kilikuwa "Amepima insulesheni ipasavyo." Ipasavyo ni neno la kukimbia kazi. Tukaandika: anapima kwa volti 500, anasoma na kuandika kiwango, na hawashi saketi ikiwa kiwango kiko chini ya megaohmu 1. Hicho ndicho kiwango cha kimataifa kwa saketi za majumbani za kawaida, na sasa watathmini wawili wakisimama pande mbili za mwanafunzi mmoja wanatafuta kitu kimoja.

Sasa nieleze jambo ninalojivunia kuliko yote, la mbao 20.

Mtihani wa vitendo uliokuwa umemalizika ulikuwa wa kufunga saketi ya taa na soketi kwenye ubao. Kwa kawaida mbao hizo hufunguliwa mara moja ili waya zitumike tena. Nilimkimbilia mtunza stoo nikamwomba: "Kaka, nakusihi, usizifungue kwa wiki mbili." Akanung'unika kuhusu nafasi, akakubali. Nikafunika majina kwa karatasi ya gundi, nikazipa namba 1 hadi 20, nikachanganya mpangilio. Kisha nikawaita watathmini wawili wenye uzoefu mkubwa, siku tofauti, kila mmoja na fomu ile ya zamani, azipime zote upya. Niliwaomba wasizungumze hadi nitakapowaita. Gharama yake ilikuwa muda tu, kama asubuhi mbili kwa kila mmoja, na chai.

Matokeo: walikubaliana kwenye mbao 14 kati ya 20. Mkuu wa idara alifurahi, akasema asilimia 70 si haba. Hapo ndipo nilipofurahi kwamba zamani niliwahi kusoma takwimu. Mtathmini wa kwanza alikuwa amepitisha mbao 16, wa pili 14. Watu wanaopitisha wengi kiasi hicho watakubaliana mara nyingi hata wakifumba macho. Ukipiga hesabu, bahati peke yake ingewapa asilimia 62. Mwanasaikolojia Jacob Cohen mwaka 1960 alitoa kipimo kinachoitwa kapa, kinachoondoa sehemu ya bahati: unatoa 62 kwenye 70, unabaki na 8, unagawa kwa 38 iliyobaki hadi 100. Jibu ni 0.21, na moja kamili ndiyo makubaliano yasiyo na dosari. Nilimwandikia mkuu hesabu hiyo kwenye karatasi ya mraba, hatua kwa hatua, akainyamazia muda mrefu. Kisha akasema, "Kwa hiyo mwanafunzi anapita au anafeli kulingana na aliyempata." Ndivyo.

Tukakaa wote kuzunguka zile mbao sita zilizobishaniwa. Kikao hicho kilichukua mchana mzima na sikiachi hata leo. Ubao namba 11 ulikuwa mzuri ajabu: waya zimenyooka kama zimepigwa rula, klipu zimeachana kwa nafasi sawa, kona zote nyuzi tisini. Mtathmini wa kwanza alikuwa ameupitisha kwa alama za juu. Nikamwomba aifungue soketi. Akaifungua, nikamwambia avute kidogo waya wa ethi, ule unaopeleka ardhini umeme uliovuja. Ukatoka na kidole. Skrubu ilikuwa imebana ganda la waya, shaba yenyewe haijaguswa. Ubao namba 17 kinyume chake: waya zimepinda, lebo zimeandikwa kwa mwandiko mbaya, na yeye alikuwa ameufelisha. Tukafungua kila kiungo. Kila skrubu imebana shaba, moto na nyutro ziko mahali pake, ethi imeshika kila sehemu, vipimo vyote vimekaa sawa.

Mtathmini yule, mzee wa kazi, aliketi kwenye benchi akaushika ubao namba 17 magotini. Hakujitetea. Akasema, "Huyu nimemdhulumu." Mwanasaikolojia Edward Thorndike alilieleza jambo hili mwaka 1920: sifa moja ya mtu ikituvutia, tunaimiminia rangi yake kwenye sifa nyingine zote. Unadhifu wa waya ulikuwa umempaka rangi ya usalama. Unadhifu tuliutengea kigezo chake, chenye uzito wake mdogo, na tukaamua kwamba mtathmini asiandike alama yoyote kabla hajafungua walau viungo vitatu na kuvuta kila waya.

Ubao hauwezi kukuonyesha kila kitu, niliweke hilo wazi. Kama mtu alipima kabla ya kugusa, ubao uliokamilika hausemi. Hayo lazima uyaone yakitendeka, kwa hiyo tulianza kurekodi video fupi za simu kwa baadhi ya wanafunzi, wakikubali, nazo tukazitumia kwa zoezi lile lile la kupima mara mbili.

Muhula uliofuata, kwa vigezo vipya na mbao nyingine 20 (zile za kwanza tulishazijadili mno, zisingetuambia kitu), walikubaliana kwenye 18. Kapa ikapanda hadi 0.78. Niliibandika hesabu hiyo ukutani.

Mtihani wa maandishi ulikuwa rahisi zaidi kuukagua, na watu huuogopa bure. Panga karatasi kwa alama, chukua theluthi ya juu na theluthi ya chini, hesabu kila swali wangapi wamepata kila upande. Swali moja letu wanafunzi bora walikuwa wanalikosa na dhaifu wanalipata. Tulibishana kwamba labda linachanganya, kumbe jibu lililo kwenye mwongozo wa kusahihishia lilikuwa na makosa. Lilikuwa limekaa hapo, kwa kadiri tulivyofuatilia, mihula mitatu.

Ushauri mwingine mbaya nilioupata ni ule wa kuchukua jalada moja katika kila kumi, lolote lile. Ukifanya hivyo kwa mtathmini aliyeanza kazi mwezi uliopita na kwa mwenye miaka kumi sawasawa, utatumia muda wako mahali pasipo na tatizo. Mimi huchukua kila kazi ya kwanza ya mtathmini mpya, kila matumizi ya kwanza ya fomu mpya, wote walio mpakani mwa kupita na kufeli, na baadhi ya walioandikiwa "bado", yaani hawajafaulu. Hao wa "bado" husahaulika kila mahali, utadhani kosa la upimaji ni kupitisha tu. Ubao namba 17 ungefunguliwa na waya zake kurudi stoo, na mwenye nao asingejua kamwe.

Na usikague peke yako kazi uliyofundisha au uliyopima mwenyewe. Kanuni za Australia za mwaka 2015 kwa watoa mafunzo zilidai kwamba kwenye uhakiki awepo mtu ambaye hakuhusika na ufundishaji na upimaji ule, na kwamba kila programu ihakikiwe walau mara moja katika miaka mitano, angalau nusu yazo ndani ya miaka mitatu ya kwanza. Nilipozionyesha kwenye kikao, wenzangu waliona miaka mitano ni mbali. Sisi tunafanya kila mwaka kwa kazi zenye hatari ya maisha, nyingine kwa zamu.

Mtu wa nje niliyemtafuta ni yule yule msimamizi aliyenipigia simu. Nilimwambia ukweli: wahitimu wale watatu nawaita warudi wapimwe upya, na ningependa apime yeye. Akaja Jumamosi. Yule kijana wa soketi aliingia wa kwanza, mikono ikimtetemeka kidogo. Akazima saketi, akaifunga kwa kufuli, akaweka kibao cha onyo. Akaijaribu testa kwenye soketi yenye umeme, taa ikawaka. Akaenda kwenye saketi yake: moto na nyutro, moto na ethi, nyutro na ethi. Kimya. Akarudi kwenye soketi ya kwanza, taa ikawaka tena. Ndipo akachukua bisibisi.

Msimamizi akaweka alama zake, akanipa karatasi bila neno. Nikaisoma yote, mstari kwa mstari, nikaenda kuvuta waya tatu za ubao ule kwa mkono wangu, ndipo nikatia sahihi.