Chekeche ndani ya neno "discern"

Kwa miaka kila nilipokutana na kitenzi cha Kiingereza discern, nilikitafsiri "kuona" nikaenda zangu. Sentensi haikatai, msomaji halalamiki. Mpaka nilipopewa aya kuhusu hakimu aliyekuwa na mashahidi wawili mbele yake, mmoja mkweli, mwingine mwongo, wote wasemaji wazuri. Nikaandika kwamba hakimu "aliona ukweli". Mhariri akapiga mstari chini na kuuliza pembeni: aliuona wapi?

Niliudhika, sikatai. Lakini nilipofungua kamusi ya asili ya maneno, hasira ikaisha. Neno hili liliingia kwenye Kiingereza karne ya 14 kupitia Kifaransa, kutoka Kilatini discernere: dis ni kuachana, huku na huku, cernere ni kutenga, kuchekecha. Ndugu yake kwa Kilatini ni cribrum, chekeche lenyewe. Basi anayechekecha mchanga hakai akiutazama. Anatikisa, laini inapita, kokoto zinabaki juu zikigongana, ndipo anajua kipi ni kipi. Kuona kunakuja mwishoni, baada ya mkono kufanya kazi.

Nikajikuta nafuata ukoo mzima. Certain, yenye hakika, ni jambo lililokwisha chekechwa. Secret, siri, ni kilichotengwa kikawekwa kando. Hata discreet, mwenye kujua la kusema na la kunyamazia, na discrete, kilicho kando peke yake, zile mbili zilizonitesa kwa tahajia, zimetoka tumbo moja, discretus, yaani kilichotengwa. (Herufi c ndani ya discern haitamkwi, na mimi niliitamka kwa sauti kubwa mbele za watu mara nyingi tu.)

Halafu nikagundua neno nililokuwa nalo siku zote: kupambanua. Vitu vilivyopambana, vikakamatana, unavipambanua, kama vile ulichofunga unavyokifungua. Waliotafsiri Biblia walishalitumia kwa Sulemani aliyeomba moyo wa kupambanua mema na mabaya, mahali ambapo Biblia ya Kiingereza ya 1611 ina discern.

Sikulipachika kila mahali, hata hivyo. Mtu anayechungulia ukungu mpaka umbo la mwenzake likajitokeza, huyo nilimwachia "akabaini", kupambanua kungemlemea. Lakini hakimu wangu alipambanua mkweli na mwongo, na safari hii pembeni mwa karatasi hapakuandikwa kitu.