Siku tatu nikiitafuta moduli moja

Jana hapa mtaani Umoja nililala saa tisa usiku, lakini nililala kwa amani. Skripti yangu ya Python inayojumlisha michango ya chama chetu ilikuwa ikienda vizuri kila nikiiendesha kwa mkono. Nikiiachia cron (programu inayoendesha kazi kwa ratiba) iiendeshe saa kumi na moja alfajiri, inakufa: ModuleNotFoundError, yaani Python haijaipata moduli, faili la msimbo ambalo skripti inalihitaji. Siku tatu! Na mweka hazina ananipigia kila asubuhi, "Mwanangu, hesabu iko wapi?"

Mwishowe niliongeza mstari mmoja, print(sys.path), unaoonyesha folda ambamo Python hutafuta moduli, nikalinganisha orodha mbili, ya mkono na ya cron. Folda ya moduli zangu imo kwenye ya kwanza. Kwenye ya pili haimo.

Python haitafuti kila mahali. Huanza na folda ya skripti yenyewe, kisha zilizotajwa kwenye PYTHONPATH (mpangilio wa kuiongezea folda zako), ndipo ije kwenye maktaba yake na vifurushi ulivyosakinisha, na huchukua ya kwanza inayoikuta. (Ndiyo maana usiite faili lako random.py, litaifunika moduli halisi ya Python yenye jina hilo.) Mimi PYTHONPATH nilikuwa nimeiandika ndani ya .bashrc, faili la mipangilio linalosomwa nikifungua terminal, na cron haisomi .bashrc.

Ningeweza kuiandika juu ya crontab yenyewe, faili la ratiba za cron, ingefanya kazi. Nikaona bora nitengeneze venv (mazingira ya Python yaliyotengwa), nisakinishe moduli zangu humo kwa amri "pip install -e .", na cron niipe njia kamili ya python ya humo. Leo hesabu imefika kabla chai haijachemka. Mama mweka hazina amejibu, "Ubarikiwe."