Chuma Kilekile

Juzi nilipopita Keko, harufu ya maranda mabichi kutoka kwa mafundi seremala ilinikumbusha Karanga, yule hamsta, mnyama mdogo wa jamii ya panya, tuliyemchukua katika kituo cha wanyama waliotelekezwa wakati ule tulipokuwa tukiishi Bern, Uswisi.

Alikuja na kizimba chake kidogo cha vyuma, chenye maranda yasiyozidi kina cha vidole viwili. Mchana kutwa alilala. Usiku wa kwanza, nyumba ilipotulia, niliketi sakafuni mbele yake. Alishika chuma kimoja kwa vikono vyake viwili, akakiingiza nyuma ya meno ya mbele na kukiguguna kwa mwendo usiobadilika, krr, krr, krr, macho yake meusi yakiwa hayanitazami mimi wala kitu kingine chochote; kisha akapanda hadi darini, akajiachia, akaanguka chali, akainuka na kurudi kwenye chuma kilekile ambacho rangi yake ilikwisha kubanduka. Juu ya pua yake manyoya yalikuwa yamekwisha, ngozi imebaki wazi. Nilimwekea kipande cha karoti, naye akakiruka kana kwamba hakipo. Binti yangu, ambaye nilidhani amelala, akauliza nyuma yangu, “Mama, kwani anamwomba nani?”

Jirani alitueleza kwamba ananoa meno, kwa sababu meno ya mbele ya hamsta hayakomi kukua. Ni kweli hayakomi, ila maelezo hayo hayakunitosha, maana pembeni yake palikuwa na kijiti cha mti ambacho hakukigusa kamwe. Jibu lililoniingia akilini lilitoka mjini humohumo: watafiti wa Chuo Kikuu cha Bern, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2006, waliwaweka hamsta wa dhahabu kwenye matandiko ya kina cha sentimita 10, 40 na 80, wakaona kwamba wale wa sentimita 10 ndio walioguguna vyuma zaidi, na wale wa sentimita 80 hawakuonekana wakiguguna hata mara moja. Porini, kwenye mashamba ya kaskazini mwa Syria na kusini mwa Uturuki, mnyama huyu huchimba shimo ambalo kina chake kwa wastani ni sentimita 65. Karanga hakuwa na wazimu; alizaliwa mchimbaji, akanyimwa pa kuchimba.

Tulimtafutia sanduku kubwa la kioo, tukalijaza maranda na nyasi kavu, na kabla hakujakucha alikuwa amezama asionekane. Hata hivyo, zilikuwapo nyakati alipotoka shimoni, akaenda kwenye kona moja na kutafuna hewa mahali ambapo chuma kingekuwapo. Mimi niliamini kwamba ni mazoea yaliyobaki baada ya dhiki kuondoka. Binti yangu alishikilia kwamba bado kuna kitu anachodai, na mpaka leo, naye sasa ni mtu mzima, hatujakubaliana.