Foleni ya maji

Ninafundisha darasa la sita hapa Goma, na mtu akiniuliza wanafunzi wangu walijifunzia wapi kusikilizana, sitaji somo lolote la darasani, bali bomba la maji lililo karibu na shule. Tunaishi kando ya Ziwa Kivu, lakini maji ya bomba ni ya kusubiriwa, hivyo watoto wengi hubeba dumu la njano la lita 20 kabla ya kengele ya asubuhi.

Juma lililopita niliwakuta wavulana wawili wakivutana, kila mmoja akidai kwamba ametangulia. Kabla sijafungua kinywa (nami, nakiri, hupenda kuamua haraka), msichana wa darasa langu aliuliza jiwe la nani lilikuwa mbele, kwa maana desturi yao ni kushika nafasi kwa jiwe jeusi la volkano, ambalo mjini kwetu halikosekani. Jiwe lilipoonekana, aliyeshindwa alisogea nyuma akinung'unika. Msichana akamwita tena amsaidie kumtwisha bibi mmoja dumu lake, na manung'uniko yakaishia hapo.

Darasani msichana huyo huyo hasemi neno, na alama zake za maelewano katika karatasi ya matokeo ni za chini. Nimeanza kuitilia shaka karatasi hiyo. Muhula huu nimemkabidhi ufunguo wa kabati la vitabu, na hadi sasa hakuna kitabu kilichopotea.