Nilivyojaribu chubwi za aina nne kabla ya kurudi kwenye plagi kuukuu

Siku niliyomwambia fundi wa tairi pale Makupa kwamba natafuta risasi, aliweka spana chini akanitazama kutoka utosini hadi miguuni. Ilibidi nimwoneshe mshipi wa kuvulia samaki niliokuwa nao mkobani ndipo acheke. Uwindaji umepigwa marufuku Kenya tangu 1977, na hata kama ungeruhusiwa, mimi mkaazi wa Mji wa Kale ningewinda nini, paka? Risasi niliyoitaka ni madini yenyewe, vile vipande vinavyogongewa kwenye rimu ili gurudumu lisitikisike. Nilikuwa nimechoka kununua chubwi, vile vizito vinavyozamisha ndoana, nikataka kuzitengeneza mwenyewe.

Kilichonifikisha huko ni hasara. Nje ya mwamba wa Nyali, chubwi ya duara ikigusa chini hubingirika hadi ipate ufa, ikishaingia haitoki. Jumamosi moja nilipoteza sita kabla ya saa nne asubuhi, kila moja na ndoana yake, nikarudi na changu wawili wasiotosha hata kitoweo cha mtu mmoja. Mjomba, ambaye dau ni lake, alinyamaza muda mrefu, kisha akaniuliza: "Mwanangu, wewe wavua ama walisha mwamba?"

Fundi aliniuzia kopo zima kwa bei ya chai na mahamri. Nilipolitia motoni nikagundua kuwa si risasi yote. Risasi huyeyuka kwenye nyuzi 327, lakini vipande vingine vilibaki vizima vikielea juu. Vile vilivyonaswa na sumaku ni chuma, vingine ni zinki, ambayo huhitaji nyuzi 419. Nikaviokota kwa koleo nikavitupa.

Kosa kubwa nililifanya kwenye kalibu. Nilibonyeza mchanga wa pwani kwa kijiko, nikaona umekaa vizuri, nikamimina. Mchanga ulikuwa na unyevu. Maji yakageuka mvuke mara moja, na risasi ikaruka kama mafuta ya kukaangia yaliyoingia maji. Nina alama tatu kwenye mkono wa kulia hadi leo, na namshukuru Mungu nilikuwa na miwani. Baada ya hapo nilichonga vibao viwili vya mvule, nikavianika juani wiki nzima, na sikumimina tena bila viatu vya kufunika na shati la mikono mirefu.

Kuna jambo jingine ambalo mtu wa Mombasa hahitaji kuambiwa mara mbili. Kule Owino Uhuru wakaazi walidhurika kwa risasi kutokana na kiwanda cha kuyeyusha betri za magari. Mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe shilingi bilioni 1.3, na mvutano ukafika hadi Mahakama ya Juu, Desemba 2024. Kwa hiyo betri siigusi kamwe. Nayeyusha nje, upepo ukinipiga mgongoni, watoto wakiwa mbali, kwa sufuria isiyorudi jikoni. Nimeacha pia ile tabia yetu ya kubana vijichubwi vidogo kwa meno.

Nilipata maumbo manne: duara, refu kama kidole, piramidi, na lile la yai lenye tundu katikati. Nikajiwekea sharti: nabadilisha chubwi tu. Mshipi ule ule, ndoana zile zile, chambo ngisi, na kila kitu naandika kwenye daftari la shule la binti yangu. Mjomba alilicheka sana daftari hilo.

Mkondo ndio ulionifunza zaidi. Chini ya daraja la Nyali, wakati wa bamvua, maji yanapojaa na kupwa kwa nguvu, maji ya hori la Tudor yakianza kutoka huwa kama mto. Duara ya gramu 100 haikukaa hata dakika, mshipi ukalala juu ya maji kama kamba ya kuanikia nguo. Ile ndefu, kwa uzito ule ule, ilishuka upesi zaidi kwa kuwa inayapasua maji, lakini ikifika chini nayo inaburutwa. Piramidi ya gramu 150 ilijichimbia kwenye mchanga ikatulia. Nilidhani nimemaliza kazi. Wiki iliyofuata nikaipeleka mwambani, ikanasa mara ya kwanza tu.

Yai nililipenda kwa maji mafu, siku ambazo mkondo ni dhaifu. Mshipi hupita kwenye tundu, kwa hiyo changu akivuta chambo hahisi uzito wowote, nami namhisi kidoleni papo hapo. Asubuhi moja tulivu nilipata kumi na mmoja kwa yai, mjomba akapata wanne kwa duara yake. Hakusema kitu, ila alipofika pwani aliomba aone daftari.

Mwambani ndiko nilikoshindwa na maumbo yote. Kilichosaidia ni fundo: ndoana nazifunga kwenye mshipi mkuu, chubwi naining'iniza chini kwa uzi mwembamba zaidi. Ikinasa, navuta, uzi mwembamba unakatika, ndoana na samaki wanarudi. Chubwi ndiyo inayobaki. Lakini kuipoteza risasi yangu, niliyoichomea mkono, nikiacha sumu baharini kila Jumamosi? Haikuniingia akilini.

Mjomba akatoa kikopo chini ya ubao wa dau. Ndani mlikuwa na plagi za pikipiki zilizokufa. "Hizi hatununui," akasema.

Basi piramidi nimeziweka za mkondo, yai la maji mafu, na mwambani nafunga plagi. Fundi wa bodaboda pale kona ananiwekea kila mwisho wa wiki, naye hulipwa changu mmoja, mwenye mafuta.