Siku Niliyomkuta Sonic kwa Wapinzani

Mwaka 2002, siku ya Jumapili, nilikaa kwenye ngazi za stesheni ya Kigoma, lile jengo la Mjerumani, tangu asubuhi mpaka jua la alasiri, nikisubiri treni ya kutoka Dar. Mama alinituma nimpokee binamu, mtoto wa mjomba. Mimi nilikuwa na shida yangu: habari za Dreamcast, mashine ya gemu ya Sega.

Nilikuwa Sega damu, wale Wajapani wa mashine za gemu. Mjomba ndiye aliyenitia kwenye ugonjwa huo mwaka 1996, alipotuletea Mega Drive, mashine yao ya zamani, iliyotumika, padi moja, kaseti mbili, moja ya Sonic, yule mnyama wa bluu wa Sega anayekimbia. Miaka ikapita, wenzangu wote wa mtaani Mwanga wakahamia vibanda vya PlayStation, shilingi mia mechi moja. Mimi nikabaki sebuleni na mashine iliyotoka Japani mwaka 1988, napuliza kaseti vumbi ndipo iwake. "Bado unacheza na nungunungu wako?" walinicheka. (Ni kalunguyeye, lakini nani angenisikiliza.)

Jeuri yangu ilitokana na karatasi ya jarida la Kiingereza niliyofungiwa karanga. Iliandika kwamba Dreamcast iliingia sokoni Japani Novemba 1998, na PlayStation 2 ikafuata Machi 2000. Sega katangulia! Niliikunja ile karatasi na mafuta yake ya karanga, nikaiweka kwenye kopo la maziwa ya unga pamoja na pesa nilizokuwa nadunduliza.

Treni ikaingia. Binamu akashuka na begi, ndoo ya nanasi, na kitu kidogo cha zambarau mkononi. Hata salamu hatujamaliza.

"Nini hiyo?"

"Game Boy Advance. Ya Nintendo."

Nikasonya. Nintendo, kwangu mimi, walikuwa kama Simba kwa mtu aliyezaliwa nyumba ya Yanga. Lakini macho hayana adabu. Kioo chake hakikuwa na taa ndani, kwa hiyo ilibidi tukigeuze kuelekea jua, vichwa vimegusana, abiria wakitupita na magunia. Akawasha. Likaja jina la Nintendo. Likapotea. Halafu, juu ya kioo kilekile, yakaja maandishi ya bluu ninayoyajua hata gizani: SEGA.

Nikadhani macho yameharibika kwa jua.

Kisha Sonic mwenyewe, yule yule, anakimbia ufukweni, anaokota pete, ndani ya mashine ya Nintendo.

"Kafikaje humo?"

Binamu akaniangalia kama mtu anayeambiwa atoe habari za msiba. "Kwani huku hamjasikia? Sega wameacha kutengeneza mashine. Walitangaza Januari mwaka jana. Siku hizi wanatengeneza gemu tu, anayetaka wanampa."

Mwaka jana! Yaani zaidi ya mwaka mzima nilikuwa nawekea akiba mashine ya watu waliokwisha kufunga duka.

Alinipa nicheze, nikakataa. Baadaye, tukiwa njiani kwenda nyumbani, nikamwomba. Betri zake mbili ndogo, zile za rimoti, zikaisha kabla hatujafika.

Jioni nilifungua kopo, nikachukua mia mbili, nikashuka kwenye kibanda. Waliponiona mlangoni walipiga kelele utadhani bao limefungwa. Wakanipisha kwenye benchi, wakanipa padi iliyoliwa mpira wa kijiti, imenata jasho la watu wengi. Winning Eleven. Dakika za mwanzo tu mshambuliaji wangu akabaki peke yake na kipa.

"Piga! Piga mraba!"

Nikatazama chini. Pembetatu, duara, msalaba, mraba. Kidole changu cha gumba kilikuwa bado kinatafuta B ya Mega Drive.